Mwaka Tulioisingizia Mvua

Mwezi uliopita niliitwa Jinja nikazungumze na wahandisi vijana juu ya mitandao ya simu ijayo. Ukumbi ulikuwa wa hoteli moja karibu na mto, viyoyozi vinapuliza hadi nikajuta kuacha shali yangu, na ukutani kulikuwa na picha kubwa ya minara iliyounganishwa kwa njia mbili: nyuzi za kioo zilizofukiwa ardhini, ambazo wengi wetu tunaziita faiba, na redio ya masafa ya juu inayorusha habari hewani kutoka dishi hadi dishi. Nilieleza ninachokieleza kila mara. Faiba hubeba mzigo ambao hatujauona mwisho wake, lakini huogopa jembe. Redio hii mpya hubeba mzigo unaokaribia huo, lakini huogopa mvua. Ukiziunganisha kwa akili, kila moja itafika pale ambapo nyingine imeshindwa. Wakaandika. Kisha binti mmoja akaniuliza jambo ambalo halikuwamo kwenye ratiba: mimi mwenyewe niliingiaje katika kazi ya kuunganisha hivi viwili, maana wakubwa wote anaowajua ni ama watu wa faiba ama watu wa redio. Nikamjibu kwamba niliona tangazo la kazi. Ulikuwa uongo mdogo wa kumalizia kikao, na ungepita salama kama mstari wa mbele asingekuwapo Injinia Waiswa, mkuu wangu wa zamani, ambaye sasa amestaafu na hualikwa kama mgeni wa heshima. Alinitazama juu ya kikombe chake kama mtu aliyeonja chumvi mahali pa sukari. Tulipotoka nje aliniambia, kwa upole tu, kwamba sikuwaambia wale watoto habari ya mvua.

Ni kweli sikuwaambia. Habari ile haielezeki katika dakika tano zilizobaki kabla ya chakula cha mchana, tena ndani yake mimi si mtu wa kupigiwa makofi. Lakini tangu siku ile imekuwa ikinisumbua, na nikikaa peke yangu naanza kuvisikia vyumba vya mwaka ule kabla sijaziona sura za watu: mlio wa mbao za ngazi pale Jinja, mlio wa mvua juu ya bati la kontena pale Mbale. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa imefukia faiba kutoka Jinja, ikafuata barabara ya Tirinyi, ikafika ukingoni mwa Mbale na kukwama. Mbele yake kulikuwa na mto, mawe, viwanja vya watu wenye kesi, na mwisho wake kilima chini ya mlima wa Wanale, ambako kulikuwa na mnara unaolisha minara mingine yote ya upande ule. Ni kilomita nne tu. Ikaamuliwa kwamba zile nne zirukwe hewani kwa redio ya masafa ya juu, dishi moja barabarani pale faiba inapoishia, dishi nyingine kilimani. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kuvioanisha vitu hivyo, na kama ndoa nyingi za kwanza, jamaa wa pande zote mbili walikuwa hawasalimiani.

Watu wa faiba walikuwa Jinja, chini ya Injinia Waiswa. Walikuwa wengi, walivaa buti zenye udongo mwekundu, walizungumza Kisoga na kucheka sana. Watu wa redio walikuwa Mbale, nao walikuwa watano tu pamoja na mkuu wao, mtu aliyeitwa Afande Okiror. Alikuwa Mwiteso mrefu aliyetumikia jeshi katika mawasiliano kabla ya kuja kwetu, na nyumba yake ilikuwa Kimaka, pale Jinja, jirani na chuo cha wanajeshi, kana kwamba alistaafu lakini hakutaka kwenda mbali. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, cha amri. Alipoingia katika chumba cha chakula pale ofisi ya Jinja, wazee wa faiba walinyamaza kwa namna ya watu waliokumbushwa vizuizi vya barabarani vya askari, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya bunduki. Mimi nililelewa Mbale miongoni mwa Waislamu, Kiswahili kwangu ni lugha ya kuombea chumvi na ya kusemea siri, kwa hiyo sikumwogopa. Nilimtania hata juu ya sentensi zake. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanda mnara: mguu, mkono, ndoano, pumzi, mguu, mkono, ndoano, pumzi. Hakuwahi kuniuliza kwa nini mwanamke anataka kupanda. Aliniuliza mara moja tu kama viatu vyangu vina kamba fupi.

Nilikuwa wa sita katika kundi lile, na kazi yangu rasmi ilikuwa ya katikati: siku za kazi Mbale na watu wa redio, mwisho wa juma Jinja kupeleka taarifa kwa watu wa faiba. Mbale tulishinda ndani ya kontena chini ya mnara wa barabarani, tukipika kwa zamu. Zamu ya Wagisu, wenyeji wa Mbale, yaliliwa malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kuungwa kwa karanga, na zamu ya Afande kililiwa kilichoivishwa haraka kuliko kingine. Jinja nilipanga chumba ghorofani kwa Mama Kokila, mjane wa Kihindi aliyeuza vitambaa katika duka lililokuwa chini yetu. Jengo lake lilikuwa la zamani, lenye madirisha ya mbao yaliyovimba wakati wa mvua na kukataa kufungwa. Masharti yake yalikuwa mawili: nyama, samaki na mayai visiingie ndani, na nisipige simu kwenye ngazi kwa sababu wateja wake wangesikia. Jumapili alinigawia mchele uliopikwa pamoja na dengu, laini, wenye samli na manjano, akakaa mbele yangu kuhakikisha kwamba nimeumaliza. Alipenda kujua kila kitu. Alitaka kujua ndani ya ile faiba kuna nini, na nilipomwambia ni mwanga, akauliza nani anauwasha na saa ngapi unazimwa.

Sasa niseme juu ya siku ya kufunga madishi, maana yote yalizaliwa pale. Ilikuwa kiangazi, vumbi jeupe juu ya migomba, anga haina hata wingu la kusingizia. Afande alipanda kilimani, mimi nikapanda mnara wa barabarani, tukazungumza kwa simu iliyofungwa shingoni. Dishi la masafa haya ya juu ni dogo, unaweza kulikumbatia, lakini mwale wake ni mwembamba sana. Ukikosea kwa upana wa kidole kule mwanzo, umekosa kilima kizima kule mwisho. Kazi yenyewe ni kulegeza bolti, kulizungusha dishi kidogo kidogo kulia na kushoto, juu na chini, huku ukitazama kipimo, mpaka nguvu ya mawimbi ifike juu kabisa. Kwenye kipimo kile namba ndogo ndiyo nguvu kubwa. Afande alilimaliza la kwake kwa muda mfupi, akaniambia sasa ni zamu yangu. Nilizungusha. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu, kisha kipimo kikaamka, namba ikashuka, ikashuka, ikatulia. Furaha iliyonipata pale juu siwezi kuieleza. Ilikuwa kama kuitwa jina lako katikati ya soko usilolijua.

“Ngapi?” akauliza Afande.

“Hamsini na saba.”

“Ukizungusha, inaongeza nguvu?”

Nikazungusha kidogo huku, kidogo huku. “Inapungua pande zote, Afande.”

“Basi funga. Hiyo iko mzuri.”

Nikafunga. Lakini katika mfuko wa suruali yangu kulikuwa na karatasi ya hesabu ambayo nilikuwa nimeichapisha mwenyewe, na karatasi ile ilisema kwamba kwa umbali ule na madishi yale, namba inayotarajiwa ni thelathini na nane. Niliikumbuka karatasi. Niliigusa hata kwa nje ya mfuko. Kisha nikajiambia kwamba yule mtu amefunga madishi kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu, na kwamba hakuna kitu kinachochosha wazee kama msichana mwenye karatasi. Nikashuka. Kulikuwa na desturi moja kwetu: kila mnara una kitabu chake, na aliyekaza bolti ya mwisho huandika kwa mkono wake tarehe, namba na jina. Niliandika hamsini na saba, nikaandika Zaituni, nikaenda kula.

Mpaka leo najiuliza kama ningesema siku ile ingekuwaje. Pengine angenicheka, pengine angeniambia nizungushe tena. Kwa wanafunzi wangu huwa nasema kuuliza si ujinga, na nalisema kwa sauti ya mtu aliyeitii methali hiyo maisha yake yote.

Miezi miwili kiungo chetu, ile njia ya hewani kati ya madishi mawili, kilifanya kazi bila kukohoa. Kisha ikaja mvua. Mbale mvua haiji kwa barua. Inatokea nyuma ya Wanale mchana, inashuka, na ndani ya robo saa kila mtu yuko chini ya baraza la mwenzake. Kiungo kikaanza kuanguka. Kikianguka, minara yote ya upande wa kilimani inakosa njia, simu zinakatika, na simu ya pale kontena inaanza kulia kutoka Jinja. Jibu letu lilikuwa moja: mvua. Lilikuwa jibu zuri, maana mvua haiitwi kikaoni. Watu wa faiba nao, waya wao ulipokatwa na katapila la barabara, walikuwa na neno lao moja, katapila. Kila upande uliandika neno lake kwenye daftari na kurudi kwenye chai. Ilichukua muda kabla sijagundua kwamba nilikuwa nimechoka na jibu letu. Halikuwa la uongo, maana kila mtu anajua masafa yale huchoka kwenye mvua. Kilichonisumbua ni kwamba halikusema mvua ipi.

Basi nikachukua kopo tupu la siagi, nikalikata mdomo liwe wazi, nikaliweka juu ya paa la kontena na rula ndani yake. Wenzangu walinicheka wiki nzima. Waliniuliza kama nafuga kambare. Kila kiungo kilipoanguka nilipanda ngazi, nikasoma maji, nikaandika saa, nikashuka nikiwa nimelowa. Nilitarajia kuona kitu rahisi: mvua kubwa, kiungo kinaanguka, mvua ndogo, kinasimama. Nilichokiona kilinifanya nikae juu ya paa lile kama mjinga. Kilianguka kwenye mvua kubwa, ndiyo, lakini kilianguka pia kwenye manyunyu ambayo hayakulowesha hata kitambaa changu cha kichwa. Siku moja kilianguka kopo likiwa na unyevu tu chini. Redio iliyotengenezwa kuvumilia mvua ya karibu kutisha ilikuwa inazimia kwa jasho la mawingu. Niliona ajabu, na niseme kweli, nilifurahi pia. Kuna furaha ya aina yake katika kuona kwamba jambo ambalo kila mtu amelifunga bado liko wazi.

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu Ijumaa ile nilisikia jambo ambalo halikuwa langu. Chumba cha chakula cha ofisi ya Jinja kilipakana na chumba cha Injinia Waiswa, na katikati palikuwa na ukuta wa mbao tu. Nilikuwa nakula samaki wa kukaanga aliyevuliwa ziwani pale Wanyange, nikifaidi kwamba siko kwa Mama Kokila, nikamsikia Injinia akisema kwa mtu kwenye simu kwamba mvua zikiisha atapeleka pendekezo: faiba ifukiwe mpaka kilimani hata kwa miaka miwili, kiungo cha hewani kiondolewe, na kundi la Mbale livunjwe. Hakusema kwa chuki. Alisema kwa sauti ya mtu anayehesabu viti. Aliongeza kwamba Okiror ni mtu mzuri lakini ni wa redio za zamani. Nikaisukuma sahani kando. Watu watano, mmoja wao alikuwa ameoa mwezi uliopita, mwingine ndiye aliyenifundisha kupumua pale juu. Lisemwalo lipo, na hili nililisikia kutoka mdomo wa mwenye kalamu.

Jumapili nilimsimulia Mama Kokila, si habari ya kazi za watu, bali ya kopo. Nilihitaji mtu wa kumweleza nijisikie nikieleza. Alinisikiliza, akaniuliza kama lile dishi ni kama tochi. Nikasema ndiyo, ni tochi tu, ila mwanga wake hauonekani. Akanipeleka stoo ya nyuma, kati ya marobota ya vitambaa, chumba kisicho na dirisha ambacho mchana wake ni giza, akawasha tochi yake ya zamani na kuielekeza ukutani ili nimwonyeshe. Katikati kulikuwa na doa jeupe kali. Kulizunguka kulikuwa na giza. Na nje ya lile giza kulikuwa na pete hafifu ya mwanga, ambayo maisha yangu yote nimeiona kwenye tochi na sikuwahi kuitazama. Nikamwomba aishike pale pale. Nikapeleka kiganja changu kwenye ile pete. Nikakisogeza ndani, kikaingia gizani. Nikakisogeza nje, kikaingia gizani. Mtu aliyesimama pale kwenye pete, akijaribu kidogo huku na kidogo huku, angeapa kwamba amefika mahali penye mwanga kuliko pote.

Kwenye vitabu nilikuwa nimesoma habari ya mwale mkuu na miale ya pembeni, na kwenye mtihani niliijibu vizuri. Lakini kitu cha kwenye mtihani hukaa kwenye mtihani. Pale stoo nilikishika kwa kiganja. Kwa redio za zamani mwale ni mnene na pete zake haziwezi kukudanganya kirahisi. Ukipata kilele cha kwanza, umepata. Kwa hizi mpya kilele cha kwanza kinaweza kuwa pete tu, na ukifunga hapo kiungo kitafanya kazi kiangazi chote kwa nguvu ya mkopo, kisha kitaanguka kwa tone la kwanza. Hamsini na saba badala ya thelathini na nane. Mama Kokila alikuwa bado ameshika tochi. Aliniuliza, kati yangu na Afande, ni nani aliyeielekeza tochi yake upande. Nikamjibu bila kufikiri kwamba ni Afande. Niliona jambo liko wazi: alikuwa mtu wa redio za zamani, alimaliza haraka, na yeye ndiye aliyesema funga.

Wiki mbili nilitembea na jambo hilo. Naona haya nikikumbuka jinsi nilivyojipenda katika wiki zile. Nilimhurumia. Nilipanga maneno ya kumwambia bila kumvunja heshima, nikayafanyia mazoezi njiani kwenda Mafubira nje kidogo ya Jinja, kwenye bomba la maji, kitandani. Niliwaza hata kwenda kwa Injinia kwanza, ili kundi liokolewe na aibu imwangukie mmoja. Mwishowe nilikwenda Kimaka Jumamosi mchana bila kuitwa. Mkewe aliandaa kalo, ule ugali wa wimbi, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, redio ndogo ikisoma habari dirishani. Nilisema yote, kopo, stoo, pete. Nilichora kwenye sakafu ya saruji kwa kidole kilicholowa maji. Sikusema ni dishi la nani, lakini nilisema kwa namna ambayo hata mtoto angeelewa namaanisha la nani. Afande aliutazama mchoro mpaka ukakauka.

“Wewe umekuja kwangu kwanza, ama umepitia kwa Waiswa?”

“Kwako kwanza, Afande.”

“Basi kula. Jumatatu tunapanda.”

Jumatatu asubuhi tulianza kilimani. Nilipanda pamoja naye, nikashika kipimo, yeye akalegeza bolti zake. Alilizungusha dishi lake kwa utaratibu ambao sikuwahi kuuona kwa mtu mwingine: mpaka mwisho wa kulia, mpaka mwisho wa kushoto, akiita kila hatua, juu, chini, akisubiri nisome. Namba ilikwenda, ikafa, ikafufuka hafifu kwenye pete, ikafa tena. Kila aliporudi pale alipokuwa ameliweka siku ile ya kiangazi, namba ilikuwa bora kuliko pote. Dishi lake lilikuwa katikati kabisa. Alikaza bolti, akafuta spana kwa kitambaa, na mimi pale juu, na Mbale yote ikiwa chini yangu na moshi wa asubuhi, nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni hadi masikioni. Nilikuwa nimebeba aibu ya mtu mwingine kwa wiki mbili, kumbe nilikuwa nimeivaa mwenyewe.

Tulipofika barabarani alibaki chini. Nilipanda peke yangu, nikalegeza, nikazungusha kutoka kwenye hamsini na saba yangu. Namba ikaharibika, ikawa sabini, ikawa hakuna kitu. Hapo ndipo nilipokuwa nimegeuza mkono siku ile. Niliendelea. Palikuwa kimya kwa muda ambao ulinitosha kuisoma sala moja, kisha kipimo kikaamka na namba ikashuka kwa kasi, hamsini, arobaini na nne, thelathini na tisa. Nilimwita nikamwambia. Akasema nifunge na niandike. Niliandika kwenye kitabu, chini ya maandishi yangu yale ya kwanza.

Wiki ile mvua ilinyesha mara tano na kiungo kikasimama mara tano. Lakini pendekezo la Injinia lilikuwa limekwisha andikwa, na ndani yake kulikuwa na orodha ndefu ya siku tulizoanguka, kila moja na neno letu, mvua, mvua, mvua, kwa mwandiko wetu wenyewe. Kama ni mvua iliyotuangusha, kundi la redio halina la kufanya, livunjwe. Kama si mvua, basi kulikuwa na mkono, na mkono una jina. Tuliitwa wote Jinja. Chumba kilikuwa na meza ndefu, watu wa faiba upande wa dirisha, sisi upande wa mlango. Injinia Waiswa aliuliza kwa nini ghafla kiungo kimepona. Kabla sijafungua mdomo Afande alisimama. Alisimama kijeshi, mikono ubavuni.

“Dishi ya mlimani ilikuwa upande,” akasema. “Hiyo ni yangu. Tumerekebisha, sasa iko sawa. Hawa vijana hawana makosa.”

Nilimtazama. Alikuwa anasema uongo kwa sauti ile ile aliyotumia kuniambia mguu, mkono, ndoano. Aliyafanya kwa ajili yangu, najua, na kwa ajili ya wengine wanne; katika dunia yake mkubwa hubeba, mdogo hunyamaza, kazi inaendelea. Na ningenyamaza yangeisha. Kundi lingebaki, yeye angeondoka kwa heshima nusu, mimi ningeendelea kupanda minara nikisifiwa kwa kopo langu. Niliwahi kunyamaza mara moja mwaka ule nikiwa na karatasi mfukoni, na nilikuwa nimeona matunda yake.

“Dishi la mlimani lilikuwa sawa tangu siku ya kwanza, Injinia,” nikasema. “Lililokuwa upande ni la barabarani. Nililifunga mimi. Nilikuwa na hesabu inayosema thelathini na nane, nikaona hamsini na saba, nikafunga.”

Injinia akatutazama mmoja mmoja. “Sasa nimwamini nani?”

“Mimi nilimwambia afunge,” Afande akasema, bila kunitazama.

“Aliniambia,” nikasema. “Lakini kipimo kilikuwa mkononi mwangu.”

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa faiba, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea Kiswahili, alisema polepole kwamba hata wao kuna siku wameandika katapila na hakukuwa na katapila. Injinia alifunga faili lake. Kiungo cha hewani kitabaki, akasema, na kundi litabaki, kwa sharti kwamba neno mvua halitaandikwa tena bila kipimo cha kopo mbele yake. Mimi nitaondolewa kwenye minara kwa miezi sita na kupelekwa mtaroni kwa watu wa faiba, nikajifunze kukaa chini. Alidhani ni adhabu, nami pia nilidhani hivyo. Lakini kilichoniuma zaidi ni nje, kwenye ngazi, Afande aliponipita bila kusimama. Nilimfuata nikamwita. Akaniambia nimemfanya mwongo mbele ya raia. Nilidhani nimempa heshima yake. Yeye aliona nimeipokonya mikononi mwake alipokuwa akinipa mimi. Hakuzungumza nami tena kwa wiki nyingi, na nililia kwa Mama Kokila mpaka akaniletea chai ya tangawizi na kuniambia kwamba mtu mzima akinuna ana njaa, nisubiri ale.

Mtaroni nilijifunza mambo ambayo sikujua kwamba siyajui. Watu wa faiba waliokuwa wakicheka Kisoga walikumbuka kunifasiria. Walinionyesha jinsi ya kumenya uzi mwembamba kuliko unywele, kuukata uso wake uwe bapa, kuuyeyusha na mwenzake mpaka usione pa kuungia. Walikuwa na kijitaa chekundu cha kutafutia makosa. Ukikiingiza upande mmoja wa uzi, mwanga husafiri ndani bila kuonekana, lakini ukiupinda uzi kupita kiasi, mwanga mwekundu huvuja pale pale kwenye mpindo. Nilipinda na kukunjua, nikapinda na kukunjua, mpaka msimamizi akanikumbusha kwamba kuna kilomita zinanisubiri. Na ni katika mtaro ule ndipo nilipoanza kuona kwamba watu hawa na watu wangu wanachunga kitu kimoja, mwale unaotaka kutoroka, wao kwenye kioo na sisi hewani, na kwamba hakuna aliyewahi kuwakalisha pamoja waulizane.

Mchana mmoja mvua kubwa ilitukuta kando ya barabara ya Tirinyi, mvua ya mawe, tukajibana chini ya turubai la vifaa. Simu yangu ikalia. Ilikuwa namba ya Afande. Hakunisalimu.

“Dakika nne,” akasema. “Ile ya mawe imepiga hapa sasa hivi. Kiungo imekufa dakika nne, halafu imeamka yenyewe.”

“Kwa mvua kama hiyo, ndivyo inavyotakiwa, Afande.”

“Najua.” Nikasikia mvua upande wake, na mvua upande wangu. “Sasa wewe uko huko chini,” akasema. “Niambie. Huo mwanga ikifika kona, inapitaje?”

Nilimwambia kwamba jambo lile halielezeki kwenye simu, aje aone. Alikuja Alhamisi, kofia ya kupandia minara kichwani na mkanda wa usalama kiunoni, akateremka ndani ya mtaro uliomfika magotini, akaniambia nianze mwanzo.